Mtunza Viatu

Kwenye pendekezo la utafiti niliandika:
"Wahusika ni watoto thelathini,
kitengo cha elimu maalumu, Tabora."
Msimamizi wangu akalizungushia duara neno *watoto*,
akaandika pembeni: Fafanua.

Ningefafanuaje, Daktari?
Nilishuka stesheni alfajiri na begi la vipimo:
saa mbili, mzani, futikamba,
fomu ambazo kila moja ina visanduku viwili chini:
Amemaliza. Hakumaliza.
Baridi ya Juni ilikuwa bado imelala njia ya Isevya.
Mama mmoja akaniambia mwangaluka,
akanifungia matobolwa kwa karatasi ya daftari
yenye hesabu za mtu, zote zimekosewa.

Miaka miwili nimesoma namna moyo unavyobisha,
namna damu inavyogawiwa mwili ukikimbia:
misuli ikipewa kwanza, tumbo likiambiwa subiri.
Ile mashine ya kupimia pumzi imebaki Dar es Salaam,
haipandi treni.
Huku nina vidole viwili
na mshipa wa mkono wa mtoto.

Mwalimu Kapela ananionyesha uwanja,
mchanga mtupu, magoli ya mikaratusi.
"Hawa ishirini na tisa watakutosha."
"Na wa thelathini?"
"Yule? Yule ni mtunza viatu."

Kaka yangu Mhoja, fundi redio sasa kule Nzega,
alitunza viatu miaka saba.
Alijua soksi ya nani imetoboka,
nani anaficha shilingi kisiginoni.
Kwenye ripoti yake, mbele ya Michezo, palikuwa na kistari.
Si sifuri.
Sifuri hupewa aliyejaribu.

Nyamizi, miaka kumi, mtindio wa ubongo,
miguu inapishana kama mkasi.
Amekaa juu ya tairi, masweta ya wenzake mapajani,
jozi ishirini na tisa zimepangwa mbele yake
kwa ukubwa, si kwa urafiki.

Dakika sita. Nikapuliza filimbi.
Tungu, asiyesikia, aliondoka na kitambaa nilichokiangusha.
Msabila, mkono mmoja, alikata kona kama anadaiwa.
Nikahesabu mizunguko, nikashika mishipa, nikajaza.
Kisha, kwa adabu tu, nikaushika mkono wa Nyamizi.

Mia na kumi na nane.
Nikarudia. Mia na kumi na nane,
na hajainua hata soksi.
"Ulikuwa unafanya nini?"
"Nilikuwa na Msabila," akasema,
"ila kwenye kona ameniacha."

Usiku, nyumba ya wageni, umeme ukija na kuondoka,
nikatafuta wastani, nikatafuta mkengeuko.
Namba yake ilisimama peke yake, mbali na kundi,
na kitabu kinaruhusu, kwa sababu za msingi,
kuifuta.
Nilikula matobolwa yote. Sikuifuta.

Kesho yake nikaweka kokoto ndani ya kopo la siagi,
nikalifunga kwa mpira wa baiskeli.
Sheria moja: atakayesimama, amefungwa.
Msabila alicheka. Baada ya dakika tano hakucheka,
anajikokota kwa makalio, jasho linamchoma macho,
na Nyamizi anampita kwa viwiko,
viwiko vilivyofanya kazi hii tangu azaliwe,
nyumbani, jikoni, njia ya chooni,
bila mtu kumwekea saa.
Kopo likalia golini.
Hata Tungu alijua: aliona midomo yetu.

Mia na sitini na nne, Daktari. Nimeambatisha.
Kuhusu visanduku viwili vya chini,
naomba tuzungumze.

Jioni kiatu kimoja cha Mwalimu Kapela hakikuonekana.
Pengine mbwa.
Kwa mazoea akamgeukia Nyamizi,
aliyejaa mchanga mpaka kwenye nyusi,
kifua kikipanda na kushuka.

"Usiniulize mimi," akasema.
"Nilikuwa uwanjani."