Hodi Tatu

Saa nane za usiku, Kijitonyama, chumba hakina dirisha.
Kiyoyozi kinanguruma kama mtu anayedai.
Mashine kumi na mbili kabatini, nimezipa majina ya vituo vya reli,
Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, hadi Kilosa,
na hakuna hata moja iliyoondoka stesheni.

Zilitakiwa zijisakinishe zenyewe.
Ndivyo nilivyomwahidi bwana mkubwa wa maabara:
unabonyeza mara moja, unakunywa chai, unakuta seva zimeiva.
Nimebonyeza. Chai imepoa. Kila skrini ina neno moja:
Anwani haikupatikana.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu.
Nikadhani ni jina, maana mashine ina matundu manne
na kila mfumo mpya huyabatiza upya;
huenda namwita Siwema
na yeye siku hizi ni Mama Chausiku.
Nikaacha majina, nikatumia namba iliyochongwa kiwandani,
ile isiyobadilika hata ukiolewa.
Anwani haikupatikana.

Na taa ya kadi, kijani, inaniapia waya ni mzima.
Tena kinachoniudhi: mwanzoni zilipata!
Mashine ilipowaka tu iliomba anwani, ikapewa,
ikakivuta kisakinishi chote kwa waya huu huu.
Kisakinishi kikaamka, kikaomba tena, kikanyimwa.
Mtu kala kwako mchana,
jioni humjui.

Mashaka, mlinzi, kaja kuuliza kama nimelala.
Nikamwomba asimame nyuma ya kabati
anisomee rangi za swichi, ile mpya, iliyofungwa Alhamisi.
Mimi nikabaki mbele, uso kwa uso na Soga.

"Imezimika. Haya, njano."
Jaribio la kwanza, skrini inasema.
"Njano."
La pili.
"Njano bado, dada."
La tatu. Anwani haikupatikana.
Kimya.
Kisha sauti yake, nyuma ya chuma:
"Sasa kijani."

Nikakaa sakafuni.

Hodi tatu. Ndivyo tulivyofunzwa,
usipoitikiwa ya tatu, geuka uende zako.
Kisakinishi kina adabu zake zote.
Kikiamka huizima kadi na kuiwasha,
na swichi, ikiona mgeni katoka karudi,
humchungulia upya toka unyayoni, sekunde thelathini,
isije njia ikajizunguka na kujimeza.
Kumbe mwenyeji yumo. Anatafuta kanga ya kujitanda.

Mwaka juzi, Tandika, kwa shangazi Mwanakombo,
nilipiga zangu tatu nikageuka.
Nilishafika kwa muuza chipsi niliposikia komeo.
Sikurudi. Nilikuwa na haraka, sijui ya nini.

Ningeiambia swichi yenyewe: hawa usiwachunguze, ni wa nyumbani.
Lakini neno la siri analo Nsajigwa,
na Nsajigwa yuko Tukuyu, msibani, simu haipatikani.
Nikafungua faili la majibu,
faili refu, nililoliandika kwa majivuno mwezi mzima,
nikaongeza mstari mmoja.
Subiri. Sekunde sitini.

Pugu ikapata. Ruvu ikapata.
Ngerengere ikaanza kuhesabu vifurushi vyake
kama konda aliyechelewa.
"Ndiyo hilo tu?" Mashaka anauliza. "Usiku kucha?"
Ndiyo hilo tu.
Sijui nitaliandikaje kwenye ankara.

"Hii ya mwisho huku bado njano," anasema,
kidole karibu kigusa taa.

Mwache, nikamwambia. Mwache ajifunge.