Unyayo wa Mbwa

Baba yangu, Mizhir, alifyatua matofali
kando ya mji wa Hilla, tanuri la tatu kutoka barabarani.
Alipima udongo kwa ulimi:
punje mdomoni, anatema,
huu una chumvi, huu utakubali moto.

Mwaka ule wa vita walikuja na lori na karatasi.
Babeli itasimama tena, walisema,
na isimame kabla ya Septemba,
kuna tamasha, wageni wameshaalikwa.
Wakamkabidhi muhuri wa chuma, mzito kama pasi ya mkaa:
jina la Rais, na ubavuni pake
jina la mfalme aliyeoza kabla ya Masihi kuzaliwa,
bega kwa bega,
kama mtu na shemejiye katika picha ya harusi.

Baba hakujua kusoma. Aligonga.
Tofali, jina. Tofali, jina.
Kaka yangu Chasib alikuwa handakini, upande wa Basra,
na la kwake halikugongwa popote.

Siku ya ufunguzi mshairi wa wizara
alipanda jukwaani na suti ya rangi ya maziwa:

    Simba wa jana karudi, lango lake kafungua,
    Ni ile damu ya jadi, kamwe haikupungua,
    Mataifa yatanadi, Babeli imechanua,
    Ni yeye huyu, ni yeye, jua lisilozimika.

Tukapiga makofi. Mama akaninong'oneza:
kama ni yeye yule, mbona chakula anadai upya?

Kijiji cha shangazi Sabriya kilikaa juu ya vifusi.
Wakakihamisha.
Wakarundika kilima, na juu ya kilima kasri,
ili Rais akiamka aitazame Babeli kwa chini.

Hakuamka humo mara nyingi.

Wakaja wageni wa helikopta.
Walijaza viroba vyao udongo wa magofu,
vigae vyenye maandishi ndani yake,
wakajikinga navyo risasi.
Kapteni mmoja, pua imebabuka kwa jua,
alisimama langoni apigwe picha,
akamwambia mkalimani atuambie
amekuja kulinda chimbuko la ustaarabu.
Mkalimani alikuwa mtoto wa jirani. Alituambia:
anasema tusisogee.

Leo wamekuja wa chama kipya.
Wamelikwangua jina la Rais kwa patasi;
la mfalme wameliacha.
Wamekunywa chai yangu, vikombe viwili viwili,
kisha wakauliza, kwa adabu,
kama ule muhuri wa marehemu bado upo,
maana nafasi moja sasa iko wazi.

Upo. Naegemezea mlango upepo ukivuma.

Na juu ya mlango huohuo liko tofali la kale
baba alilokumbana nalo akichimba udongo.
Halina mfalme.
Lina unyayo wa mbwa, vidole vinne na kisigino,
aliyekatiza kwenye tope bichi asubuhi fulani,
na mtu, nadhani, akamfukuza kwa tusi
kisha akalitia tofali motoni hivyohivyo.

Mkubwa wao akaliona. Akatoa simu, akasogea.
Hili la mfalme gani?
La mbwa, nikamwambia.
Akacheka. Akaacha kucheka.
Akauliza kama kuna anayeweza kuthibitisha
kwamba mbwa yule
alikuwa wa upande wetu.