Maua Yaliyopotea Njia

Hatukuwa watu wa kulalamika.
Duluth ina baridi ya kutosha kumfunza mtu kufumba mdomo:
ziwa linaganda, meli za chuma zinalala bandarini,
nasi tunafungua redio kabla hata ya kuchemsha kahawa.

Walipoandika kwenye ukurasa wao
«Heri ya kuzaliwa, maestro!», baluni na keki,
kumbe ndiyo siku mtunzi aliyokata roho,
tulicheka. Kijana fulani, tukasema, ana usingizi.

Walipoweka picha ya obo wakaiita klarineti,
mimi niliyepuliza obo miaka thelathini na minne
hata midomo ikaota sugu
niliwaandikia kwa adabu: Ndugu zangu,
hilo ni zumari la ulimi pacha, msilibadilishe kabila.
Wakanijibu kwa moyo mwekundu
na «Asante kwa kutusikiliza!»
Mimi nilisikiliza, kweli. Na wao je?

Ikaja kura: chagua, chelo au paka?
Paka akashinda.
Bi Thorhild Aune, mwenye miaka tisini na mmoja,
anayewachangia dola kumi kila mwezi tangu ujane wake,
akaandika barua kwa wino, akaibandika stempu.
Ikamrudia: mpokeaji hayupo.

Kisha, Februari, akafa Eino Kallunki.

Miaka thelathini na mmoja sauti yake ilituamsha.
Huyu ndiye aliyepiga simu hadi Budapest
kuuliza jina la mcheza fidla linatamkwaje,
akalifanyia mazoezi garini, taa nyekundu hadi taa nyekundu.
Noti ya mwisho ikizima, hakuirukia.
Alingoja,
kama mwenyeji anayemngoja mgeni avae koti.

Ukurasa ukasema: «Pumzika kwa amani, Enio.»
Herufi zimepishana mlangoni.
Pembeni, kikatuni kinachotoa machozi;
aliyekiweka hakuona kwamba ni machozi ya kicheko.
Na picha, jamani, picha
ilikuwa ya Wendell Sorsa, fundi wa piano,
ambaye saa ile alikuwa kanisani, mzima,
kichwa ndani ya piano, akikaza waya.

Ulimi hauna mfupa, husamehewa.
Kidole kina mifupa mitatu na bado kinateleza.

Dada yake Wendell, huko Fargo, aliangusha sufuria.
Maua yakaanza kufika mlangoni kwake, yakakaa kwenye theluji.
Akapiga simu stesheni kuwajulisha kwamba yu hai.
«Simu yako ni muhimu kwetu,» ikasema mashine,
ikampigia piano dakika arobaini,
piano ambayo, aliniambia, imeshuka robo toni,
na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jioni wakafuta.
Tuliandika mia mbili na kitu, kila mtu na uchungu wake;
maneno yetu yakafutika pamoja na kosa lao.
Kufuta si kuomba radhi.
Mama yangu alifuta meza, na bado alisema samahani
kwa aliyemwagikiwa chai.

Wendell akapakia mashada saba kwenye pikapu yake
akayapeleka kwa Lempi, mjane.
Mimi nilikuwepo, nikiosha vikombe.
Alisimama kizingitini, jina lake kwenye kila utepe,
theluji mabegani, hajui aanzie wapi.
«Haya ni ya Eino,» akasema. «Yalipotea njia.»
Lempi akamtazama marehemu huyu mwenye mafua
akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta,
kisha akalia kile kilio alichokuwa amekiahirisha.

Redio ilikuwa inanong'ona juu ya friji.
Kipande kikaisha. Mtangazaji mpya, msichana, sauti ikimtetemeka,
akasema Kallunki, el zote mbili, mkazo mahali pake.
Halafu akanyamaza.
Lempi alihesabu kwa vidole juu ya meza.

«Sita,» akasema. «Eino alingoja saba.»
Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.