Dakika ya Sabini na Mbili

Ensio, leo nimekata.
Si kuni. Kuni za sauna alizikata kijana wa Hautamäki kabla ya theluji,
akazipanga ukutani kama ulivyozipanga wewe, magome juu.
Nimekata zile ada za mwezi:
ya magongo ya barafuni, mchezo ambao sikuuelewa
ila kwa kelele zako;
ya tamthilia za wapelelezi wenye masweta;
na ya tatu, ambayo sikujua hata kama tunayo.
Miaka minne imekula euro tisa kila tarehe kumi na tano,
kimyakimya, panya anayeuma huku akipuliza.

Kila moja iliniuliza: Una hakika?
Nikabonyeza. Ikauliza tena: Kweli unatuacha?
Ya pili ikanipa nusu bei kwa miezi mitatu.
Muuza samaki wa hapa Kemi
hakukimbilii hadi mlangoni kukupunguzia
ukishasema basi.
Nikabonyeza basi. Basi. Basi.
Pensheni ya kiwanda cha karatasi haina masikio ya kubembelezwa.

Kisha nikafika kwenye zile ulizonunua.
Arobaini na moja. Nimezihesabu kwa kalamu.
Si za kukodi: ulibonyeza Nunua, nami nikiwa kando yako,
ukasema, "Hizi sasa ni zetu, Raili,"
kesho yake ukampa jirani mkoba mzima wa diski.

Nikapiga simu. Nusu saa nzima ya kinanda kilekile.
Kijana aitwaye Joonas akanisomea masharti
kwa sauti ya mtu aliyeyasoma mara kumi tangu asubuhi:
kilichonunuliwa si filamu, ni ruhusa ya kutazama,
nayo yadumu maadamu akaunti ipo
na mwenye filamu hajaiondoa.
Moja imeshaondolewa. Mahali pake pana kisanduku cha kijivu.
Nguo ya kuazima, Ensio,
na tuliilipia bei ya dukani.

"Basi zihamishie kwa jina langu. Mwenyewe amefariki."
Akanyamaza. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.
"Hazihamishiki. Pole sana.
Lakini mama, kukata ada ni kitu kimoja,
kufuta akaunti ni kingine. Usiifute tu.
Ingia mara mojamoja,
ionekane kuna mtu."

Kanisa limeshakuandika upande wa marehemu.
Benki imekufuta, maktaba iliitaka kadi yako,
nikaipeleka mwenyewe, na faini ya senti sitini juu.
Humu ndani ya televisheni tu ndimo unamoitwa bado.
Nawasha, inasema: Karibu tena, Ensio.
Nami naitikia, kwa sauti kabisa,
koti bado liko mwilini.

Chini ya jina lako ipo ile ya meli ya kuvunja barafu.
Uliiachia dakika ya sabini na mbili,
ukasema usingizi umekuzidi, tutamalizia kesho.
Alfajiri nawe ukakata.
Mstari mwekundu umesimama palepale.
Zimebaki dakika thelathini na nne
na sijui kama meli ilitoka.

Nikiitazama, mstari utasogea.
Nikiianza upya, utarudi mwanzo
kana kwamba hukuwahi kukaa hapa
na soksi zako juu ya meza, ukibishana na nahodha.

Dole gumba liko juu ya Endelea.
Nje gari la kusukuma theluji linapita, vioo vinatetemeka,
kikombe chako kabatini kinagonga kikombe changu.
Naiweka rimoti mezani, kifudifudi.

Kesho labda nitaingia tena.
Sitagusa kitu.
Ionekane tu.