Pampu ya Clifford

Saa mbili na robo asubuhi, Jumapili,
bonde limejifunika ukungu hadi shingoni.
Nimetoka zamu ya usiku, wodi ya tisa,
mikono bado inanuka sabuni ya hospitali,
na Enid Greenwood ananisubiri kwenye daraja la mfereji,
mguu mmoja chini, miaka sabini na mmoja.
Haniulizi kama nimelala.
Anasema tu, "Haya,"
kisha ananipa mgongo wake niufuate.

Mlima wa Heptonstall hauna hodi.
Unaanza pale pale, ubavuni mwa duka la mikate,
barabara nyembamba kama mshono wa ndani wa koti,
kuta za mawe kushoto na kulia,
jiwe juu ya jiwe, bila chembe ya saruji,
na kondoo mmoja ananitazama
kama karani anayetafuta kosa kwenye fomu yangu.

Gia ya kwanza. Hakuna nyingine chini yake,
nimeitafuta: kidole kinabofya, kinabofya,
kama mtu anayepekua mfuko aliokwisha kuukung'uta.
Mapaja yanawaka. Mawe ya njia, meusi, yamelowa,
yananigonga toka kitini hadi menoni.
Nikashuka.
Nikatamka neno la Kiswahili ambalo mama
asingependa lisikike karibu na kanisa.

Na makanisa yapo mawili, uwanja mmoja:
moja zima, moja tufani lililinyang'anya paa
enzi za bibi wa bibi zao.
Makaburi yamelazwa kama vigae, unayakanyaga tu,
majina yamebanana:
Greenwood, Greenwood, na Greenwood tena.
"Ndugu zako?"
"Baadhi," akajibu Enid, akimenya yai.

Nyumba za hapa zina madirisha mengi juu,
bega kwa bega, ili mwanga haba wa huku
usikikose kitanda cha mfumi.
Wafumaji walishuka na vitambaa mgongoni,
wakapanda na sufu.
Njia hizi ni mtande wao.
Sisi na magurudumu yetu labda ni mshindio,
labda ni uzi tu uliodondoka.

Kisha nyika, penye upepo mtupu,
akalia sululu.
Namjua, nikamwambia Enid.
Kwetu Tanga hufika kimya, mdomo umepinda,
akachokoa matope ya mikoko miezi na miezi,
nasi tukampa jina moja na chombo cha kuchimbia barabara.
Sikuwahi kumsikia akilia hivi.
Kumbe wimbo wake huuacha huku,
kama mtu aachavyo koti zito kwa jirani.

Karibu na Blackshaw Head, pancha.

Enid hubeba pampu, imefungwa kwa kipande cha mkanda
chini ya fremu. Ilikuwa ya Clifford, mumewe.
Haiingii kwenye vali zake, nyembamba kama sindano;
miaka sita ameipandisha milima bure,
na mimi sikuwahi kuuliza.
Lakini baiskeli yangu ni kuukuu,
nimeinunua pauni arobaini kwa mtu wa Todmorden,
vali yake nene, ya kizamani.
Tukaweka tyubu mpya.
Pampu ikaingia. Ikashika.

Nikanyoosha mkono. Hakunipa.
Akapiga magoti kwenye nyasi za kando
akajaza mwenyewe, polepole,
pampu ikikohoa kama mzee anayeamshwa.
"Inatosha, Enid."
"Bado kidogo."
Gurudumu likawa gumu kama jiwe la ukutani.
"Bado kidogo."

Tukateremka kwa breki zinazopiga mayowe,
yeye mbele, koti limejaa upepo,
mimi nyuma, nikikwepa kila kokoto.

Leo Alhamisi. Nimelibonyeza gurudumu
kule koridoni: limelegea kidogo,
kama yalegeavyo yote.
Jirani wa chini ana pampu ya miguu, nzuri,
dakika mbili tu.
Sijamgongea.