Rimoti

Kazi yangu katika albamu ya dada yangu
ilikuwa kuzima eisi.
Usicheke. Wadi Kabir, mwezi wa nane,
gereji ya kutengeneza viyoyozi (yangu, kwa mkopo),
mle ndani viyoyozi kumi na vinne vya watu, vimekufa,
na kimoja kizima, kinanguruma kama mzee aliyenyimwa kahawa.
Maikrofoni ilikuwa ya bei rahisi lakini ina masikio,
ilishika ule mngurumo kabla ya kumshika Azza.
Nikapewa rimoti, nikakaa juu ya ndoo ya rangi.
Akiinua kidevu, nazima.
Akishusha, nawasha.
Katikati ni wimbo.

Ndiyo maana nyimbo zake ni fupi.
Watu wanasema ni ustadi, kajua pa kukatia.
Ni joto.
Dakika tatu na nusu jasho limefika kwenye nyuzi,
Dadkarim anaweka vijiti chini
na kusema kwa Kibaluchi neno ambalo sijauliza maana yake.

Gita alilinunua Ruwi, kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao.
Kwenye kidole cha mwisho alivaa soketi ya plagi,
namba kumi na sita, kutoka sanduku langu la spana,
akaiburuza juu ya nyuzi taratibu
kama mtu anayesogeza kitanda usiku asiamshe mtoto.
Sauti iliyotoka sijui niiteje.
Mlango wa chuma wa jirani hulia hivyo.
Na mama, akidhani yuko peke yake.

Kurian wa besi hajui Kiswahili hata cha salamu.
Wimbo wa nne, kiitikio ni neno moja tu,
Azza analirudia mpaka linachakaa:
basi, bwana; basi, na simu zako; basi, nimechoka kungoja.
Kurian akaelewa ni basi la abiria.
Akapiga magurudumu. Akapiga breki.
Akapiga barabara ya Ibri saa nane za mchana,
pazia linagonga kioo, kondakta kasinzia.
Tulitazamana. Hakuna aliyemsahihisha.
Sasa ukisikiliza, yule mwanamke anasema basi
na kweli anaondoka.

Wimbo wa baba tuliuacha mwisho.
Baba aliendesha lori la maji Fahud, miaka ishirini na moja.
Akihesabu pesa, Kiarabu. Akiota, Kiswahili.
Kazaliwa Wete, kaletwa huku ana miaka tisa,
na kote kuwili walimuuliza lafudhi hiyo ya wapi.
Siku za likizo alifika nyumbani asishuke:
injini inawaka, kaseti inazunguka,
sisi tuko kizingitini, na yeye ndani ya gari
mpaka upande uishe.

Azza hakuliimba hilo. Aliimba lori tu,
tangi, bomba, mchanga kwenye meno, tairi la akiba.
Dakika ya nne ikapita.
Kidevu hakishuki.
Dadkarim kafumba macho, fulana ya Kurian imebadilika rangi.
Dakika ya sita, nyuzi zimelowa, noti zinapinda
kuliko alivyotaka, naye anaziacha zipinde.
Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Kumhurumia mtu ni rahisi, unabonyeza tu.
Sikubonyeza.

Dakika ya nane na kidogo, lori likamwishia.
Akashusha kidevu.
Eisi ikaitika: tii.
Imo kwenye albamu. Alikataa isikatwe.

Mama, ambaye gita halikuwahi kuvuka mlango wake,
alikubali kuisikiliza ndani ya gari langu, uani.
Wali unapoa. Hakusema neno nyimbo zote nane,
anatazama mbele, kama kuna barabara.
Ikaja ya tisa. Ikaja ile tii.
Nikafungua mlango wa upande wake.
"Geuza upande," akasema.
Nikamwambia hii ni flashi, mama, haina upande wa pili.
Akauvuta mlango, akaufunga.
"Basi anzisha tena."