Daftari la Harufu

Klaske huinua mkia bila haya
akamwaga, mahali padogo kama ungo,
chakula cha msimu mzima.
Nyasi hazina tumbo la harusini:
hula ziwezacho, hukinai, hugeuza uso.
Kinachobaki huondoka usiku, hakiagi,
kingine kwa upepo, kingine kwa mtaro uendao ziwani,
na mali bila daftari, tunajua,
hupotea bila habari.

Hidde wa maabara huja Jumanne.
Buti zake za mpira zimemzidi mguu.
Hufunika nyasi kwa sanduku angavu
kama mpishi asubiriye wali ukauke,
huvuta hewa kwa bomba la sindano
dakika ya kumi, ya ishirini, ya thelathini,
huandika.
Baba yangu Wobbe ameegemea lango:
"Miaka themanini na moja niko hapa Friesland,
kumbe kuna mshahara
wa kupima ushuzi wa shamba!"
Hidde hucheka kwa adabu.
Mimi sicheki. Mimi ndiye niliyemwita.

Baba ni mtu wa magunia.
Alikuwa mtoto gunia la kwanza la mbolea ya chumvichumvi
lilipofunguliwa kwa kisu cha jikoni,
na wiki ya pili shamba likawa kijani cha kuumiza macho.
Nani angemwambia mtu aliyelelewa kwa viazi
na siagi ya kukopa
kwamba wingi nao una deni?

Mwaka juzi nilipanda klova nyeupe kati ya nyasi.
Mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu
vibarua wasioonekana
huchuma naitrojeni hewani, hawaleti ankara.
Magunia yakapungua. Soya ya melini ikapungua.
Na kwa kuwa kila ng'ombe akicheua
hutoa methani isiyo na rangi wala aibu,
niliuza saba.
Boukje alipanda lori, akageuka mara moja.
Sikulia. Nilikwenda kuosha mitungi
iliyokwisha kuoshwa.

Mtaroni nimeweka ubao, maji yamepanda shibiri mbili,
maana mboji ikikauka huungua bila moshi:
shamba linapaa mbinguni kidogo kidogo
na sisi tunazama.
Ukuta wa jirani yetu Sjerp umepasuka;
unaweza kutumbukiza sarafu.
Yeye anasema ni mwashi.

Kisha Machi. Trekta likapita
na visu vyake vikichana ardhi nyembamba,
samadi iliyotiwa maji ikashuka chini, ikafunikwa.
Baba akatoka uani, koti limevaliwa nje-ndani,
pua juu.
"Tjitske, unamwaga lini?"
"Nimemaliza tangu saa nne, Baba."

Akanyamaza. Akavuta hewa tena.
Miaka yote majira ya kuchipua
yaliingia kwetu kwa puani:
amonia ya kutoa machozi,
kijiji kizima kikifunga madirisha
na kusema, haya, baridi imekwisha.

"Basi pua yangu imekufa," alisema.

Daktari alishamnyang'anya chumvi.
Serikali ilishamnyang'anya leseni.
Nilimwona akijumlisha.

"Haijafa. Harufu ile ndiyo iliyokuwa hasara.
Leo imebaki nyumbani."

Hakunijibu. Aliinama, magoti yakalia,
akachomoa kitonge cha udongo kwenye mfuo,
akakisogeza karibu kabisa na uso
kama asomaye barua bila miwani.
Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaogopa.

"Imo," alisema.
Akakirudisha mahali pake, akakikanyaga kidogo.

Jumanne, Hidde alipofika,
Baba alikuwa ameketi shambani juu ya ndoo iliyopinduliwa,
saa ya mkononi ameivua, ameishika kiganjani.
"Dakika ya kumi bado sekunde tano," akamwambia.
"Usituibie."